Kuumia kwa Jerome Alfonsi Akishusha Kasha Mingoyo

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Umi Ibrahimu Likwata
Umri: Miaka 29
Kazi: Msambazaji wa vifurushi
Makazi: Mingoyo, Lindi
Tarehe: 11/06/2024, saa 4:15 asubuhi

Nafanya kazi ofisi ya vifurushi hapa Mingoyo, mwaka wa tatu sasa. Jerome Alfonsi ndiye aliyenifundisha kazi.

Mnamo tarehe 14/05/2024 majira ya saa 3:20 asubuhi tulikuwa nje ya ofisi tukishusha mizigo kwenye lori kutoka Dar es Salaam. Kulikuwa na kasha la mashine ya kusaga, limeandikwa kilo 110. Toroli letu lilivunjika gurudumu tangu Februari. Jerome alimwomba msimamizi wetu, Stefano, atafute watu wawili wa kutusaidia. Stefano akajibu, "Lori linachelewa Mtwara. Shusheni."

Tulinyanyua. Hatua ya pili vidole viliniishia nguvu, nikaachia. Sikumwambia kwanza. Jerome naye angeweza kuachia, ila alilikumbatia kasha lisianguke, uzito wote ukamwendea. Alikaa chini, kisha akalala. Nikamwambia, "Kaka Jerome, inuka." Akasema, "Umi, miguu siisikii." Halafu akauliza kama mashine ya watu imepona. Ilikuwa nzima.

Hospitali walisema uti wa mgongo umeumia. Mpaka leo hasimami.

Tarehe 20/05/2024 Stefano alinipa karatasi nisaini. Imeandikwa kwamba Jerome aliumia kwake, akikata mkorosho. Sikusaini, wala sikukataa. Nilisema nitaisoma. Nimekaa nayo wiki tatu, leo naikabidhi hapa kituoni.

Juzi Jumapili nilikwenda kumwona. Nilimkuta mkewe, Genoveva, anamgeuza kitandani. Mkewe alipotoka nje, Jerome akaniambia, "Ukienda polisi sema mzigo ulikuwa mzito, basi. Usiseme uliachia. Una watoto, Umi." Nikaitikia. Genoveva alinisindikiza mpaka barabarani, akanishukuru kwa kuja. Sikuweza kumtazama usoni.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo. Nimesomewa, nami nakubali kuwa ni ya kweli.

Sahihi ya shahidi: U. I. Likwata

Maelezo ya mwandishi: Nimeyaandika mimi, Koplo Rosalia Nangumbi, nikamsomea shahidi kwa Kiswahili. Ameyatoa kwa hiari yake. Kabla ya kusaini aliuliza kama mke wa majeruhi atasomewa maelezo haya. Nilimjibu kuwa huenda akasomewa. Akasaini.