Mchujo wa Kwanza

Jumatano, 8 Januari

Varadan karudi kutoka Chennai na pakiti ya kahawa. (Humu daftarini tu ndimo namwita mume wangu jina. Mdomoni ni "sikiliza" basi.) Kahawa ya kilimo hai, ya biashara ya haki, ya milima ya Araku. Bila chikori, ule mzizi wa kuongezea kahawa, hata chembe! Nyuma kuna picha ya mwanamke na kikapu, anacheka. Imeandikwa kwamba kila aliyeitolea jasho amepata fungu lake.

Mama mkwe akainusa. Kahawa isiyo na chikori, akasema, ni maji ya kuoshea sufuria. "Kunywa wewe, Kothai."

Mimi! Pakiti nzima!

Alhamisi, 9 Januari

Nimetoa lile chujio dogo la stili. Unga juu, maji moto, kifuniko. Halafu kungoja. Tone… tone…

Nyumba hii ina desturi yake. Kahawa huchujwa mara mbili, kama tui la nazi. Mchujo wa kwanza, mzito, ni wa wanaume na wageni. Wa pili ni wetu, mama mkwe na mimi. Tangu niolewe sijaonja wa kwanza. Mama mkwe ndiye askari wake, hata tone halimpiti.

Leo nilimimina ule mzito kwenye bilauri yangu mwenyewe. Maziwa kidogo. Nikakaa mlango wa nyuma, ukungu bado umelala juu ya mlonge. Nilikunywa polepole mno. Sijui hata nilirudi ndani saa ngapi.

Jumamosi, 11 Januari

Kwanza ganda la chungwa, kisha moshi, na utamu unaokuja mwishoni kabisa, ukishakata tamaa. Niliota macho wazi. Nilikuwa mlimani, yule mwanamke wa kikapu akasogea nipate pa kukaa, tukanyamaza pamoja, vizuri sana —

Maziwa yakafurika! Mama mkwe: "Umeolewa na bilauri, wewe?"

Lakini nilimwona. Alipopita nyuma yangu alipunguza mwendo, pua juu.

Jumapili, 12 Januari

Varadan kaonja kwangu. Kaonja tena. Mbona hii nzuri anafichwa? Kesho apewe hii.

"Si lazima kuuliza," mama mkwe akasema. "Wa kwanza ni wako, mwanangu."

Nimelia kidogo nikiosha mchele, huku najicheka. Mtu mzima analilia kahawa! Ila si kahawa. Nilitaka kuwa wa kwanza kwenye kitu kimoja tu humu ndani.

Jumatatu, 13 Januari

Nimempa. Nimekunywa wa pili. Sina la kuandika.

Jumanne, 14 Januari

Unga umebaki wa kuchuja leo tu. Na mjomba Sampath ndiyo kwanza kaingia, yuko barazani na Varadan, wanabishana habari za miwa. Mchujo wa kwanza tayari, haufiki hata bilauri mbili. Mama mkwe kapiga kelele: "Kothai! Kahawa ya wageni!"

Kisha akaja mwenyewe. Nikajua anakuja kunihimiza. Akasukuma mlango kwa kisigino ukafungika. Akachukua bilauri yake, ile ya stili iliyobonyea, akainyoosha kwangu.

"Mimina."

Nikatazama mlango, kisha bilauri.

"Nimempa baba mkwe, nimempa mume, nimempa mtoto," akasema, chini chini. "Mimina, mwanangu, kabla haijapoa. Nusu yangu, nusu yako."

"Amma, na wale?"

"Ongeza maji. Watakunywa wa pili. Kwani sisi tulikufa?"

Nimemimina. Kapiga funda moja, kafumba macho, hajayafumbua mpaka sasa ninapoandika hapa jikoni, daftari gotini, karatasi inaloa mvuke. Uso wake sijawahi kuuona hivi. Kumbe ni mzuri!

Mjomba anaita: jamani, kahawa imekwenda kuchumwa Araku? Hatuitiki. Huko kwenye chujio, mchujo wa wanaume unadondoka, taratibu, maji maji.

Nasikia ndara za Varadan ukumbini. Anakuja. Mama mkwe ameegemeza mgongo mlangoni, miguu kaikaza, bilauri bado mdomoni.