Mtandao Ulikuwa Kwangu

Jumamosi, tarehe 12 Julai. Nyashimo, saa nne kasorobo asubuhi.

Upepo wa ziwani umeamka na vumbi tangu alfajiri, na baridi ya Julai bado haijaniondoka vidoleni. Leo nitasema yote. Sitaruka hata kile kinachoniaibisha. Majina tu ndiyo nitayaficha, kwa sababu wiki hii nimejifunza kwamba majina ya watu si mali yangu.

Nipo steshenari, kwenye kompyuta ya pili kutoka mlangoni, ile ambayo herufi moja lazima uibonyeze kwa nguvu ndiyo itokee. Nimepewa nusu saa. Ni mara yangu ya kwanza kuchapa shajara hii kwa mikono yangu mwenyewe.

Kurasa nyingine zote thelathini na moja alizichapa shangazi yangu. Ni dada wa baba, na nyumbani kwetu Mwamanyili tunamwita kwa Kisukuma, Sengi. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki.

Ilianza hivi. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha shajara tukiwa kidato cha pili. Alisema shajara ina tarehe, ina hali ya hewa, na ina ukweli. Ukweli ukikosekana, hiyo ni insha tu. Nikatenga daftari. Sengi akalikuta juu ya ndoo ya unga, akalisoma amesimama mpaka ugali ukashika chini ya sufuria. Akasema haya maneno hayatakiwi kuozea kwenye daftari, atanichapia mtandaoni yasomwe na watu. Nikamwambia naogopa atanibadilishia. Akaapa kwa kaburi la babu.

"Sibadilishi hata nukta."

Sengi anafanya kazi kwenye ofisi ya pamba hapa Nyashimo. Kazi yake ni kuingiza kwenye mfumo majina ya wakulima, mashamba yao na kilo walizouza. Mkulima ambaye jina lake halimo kwenye mfumo hawezi kuuza pamba yake, hata iwe nyeupe namna gani. Kwa hiyo msimu mzima watu wanapanga foleni mezani kwake. Ukutani, juu ya kompyuta yake, kuna karatasi inayosema mtandao wa ofisi ni kwa kazi za ofisi, na mambo binafsi ni marufuku saa za kazi. Chini yake wafanyakazi wamesaini. Sahihi ya Sengi ni ya kwanza.

Mwanzoni alinichapia wakati wa chakula cha mchana. Baadaye saa kumi, wakubwa wakishaondoka. Baadaye saa yoyote. Mimi nikazoea. Jioni nikimpokea mkoba, swali langu la kwanza halikuwa habari za kazi. Lilikuwa, "Umeiweka?"

Hilo ni kosa langu, na halimo kwenye barua ya mtu yeyote.

Sasa nakuja kwenye sentensi iliyoleta haya yote.

Siku moja mwezi uliopita Sengi alirudi akicheka. Alisema foleni ilikuwa ndefu na mimi nilikuwa nimemsumbua sana asubuhi, akawaambia wazee mtandao hakuna, wakatoka nje kukaa kwenye magogo, naye akanichapia ukurasa wangu kwa raha zake. Mimi niliona ni upendo. Kesho yake nikaandika, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba namshukuru Sengi wangu ambaye aliwaambia wakulima mtandao hakuna ili anichapie, na sijui kama kuna mwanafunzi mwingine Simiyu mwenye shangazi kama huyu. Nilifikiri namsifu.

Naye akaichapa. Jana nilimwuliza kwa nini hakuiruka.

"Nilipofika hapo nilicheka," alisema. "Nikajisemea, huyu mtoto atanifukuzisha kazi. Lakini si niliapa?"

Mmoja wa wale wazee wa kwenye magogo ni jirani yetu. Si babu yangu wa damu, ila tangu utotoni namwita guku, yaani babu. Alikuwa amekwenda ofisini kwa sababu shamba lake lilikuwa limeandikwa kwa jina la marehemu kaka yake. Alifika saa tatu asubuhi. Aliondoka saa nane bila kuhudumiwa, akarudi tena siku ya pili.

Siku chache baadaye nilimkuta akinywesha ng'ombe wake, nikamsalimia.

"Mwangaluka, guku."

"Mhola, mjukuu wangu. Za shule? Ngoja nikuulize wewe uliyesoma. Hivi mtandao ukikatika, huwa unakwenda wapi?"

Alikuwa anauliza kweli. Hakuwa anatania. Alinitazama kama ninavyomtazama mwalimu ninapotaka kujua kitu.

Mimi nilijua ulikokwenda. Ulikuwa kwangu.

Nikamjibu kwamba sijui, guku, labda ni mnara. Akasema basi huo mnara nao una siku zake, akacheka, akaendelea kunywesha. Hiyo ni karibu wiki tatu zilizopita. Nimepita mbele ya nyumba yake kila siku tangu hapo, na kila siku nimemsalimia.

Wazee wale hawakunyamaza. Walilalamika mpaka Bariadi, kwa meneja, kwamba mtandao wa Nyashimo ni mbovu na unawapotezea siku. Jumanne meneja akatuma fundi. Fundi akaukuta mtandao mzima kabisa. Alipoangalia kompyuta ya Sengi imekuwa ikifungua kurasa gani, akakuta kurasa zangu. Akaandika jina la shajara hii kwenye kiganja chake kwa kalamu. Sengi alimwona akiliandika.

Jana, Ijumaa, ikaja barua. Sengi ajieleze kwa maandishi, kisha afike Bariadi Jumatatu saa tatu asubuhi. Nyuma ya barua wamebana kurasa zangu zilizochapishwa, na sentensi yangu imepigiwa mstari mwekundu.

Sijawahi kupigiwa mstari mwekundu. Mwalimu wangu hunipa alama ya vema na kuandika "hongera".

Mkataba wa Sengi ni wa msimu. Pamba ikiisha, ofisi inachagua wachache wa kubaki mwaka mzima, na mpaka Jumatatu iliyopita Sengi alikuwa na hakika yeye ni mmoja wao. Akitolewa, itabidi aende mbali kutafuta kazi, na mimi nipelekwe kwa wajomba zangu Mkula. Wajomba ni watu wema. Lakini si Sengi.

Jana jioni alikuja kaka mmoja wanayefanya naye kazi. Hata kwenye kiti hakukaa.

"Dada, mbona hili jambo jepesi? Mtoto aandike karatasi, aseme alitunga. Watoto si wanatunga? Nani atamfukuza mtu kwa hadithi ya mtoto?" Akanigeukia. "Au siyo, mwandishi?"

Sengi alikuwa anachambua maharage na aliendelea kuchambua.

Lakini mimi nilikwenda chumbani nikaandika. Nimesema nitasema yote. Niliandika mistari mitatu: kwamba ni mimi, kwamba sentensi ile niliitunga, kwamba shangazi yangu hakusema vile kwa wakulima. Nikaweka tarehe. Mwandiko ulitoka mzuri kuliko siku zote. Hilo ndilo linalonitisha mpaka sasa.

Nilimpelekea Sengi. Yule kaka akasema, "Ehee! Umeona?" Sengi akasoma, akakunja karatasi, akaiingiza jikoni kwenye moto chini ya chungu.

"Mzee wa watu nilimdanganya mimi, mara moja," alisema. "Wewe usije ukadanganya mara ya pili kwa ajili yangu." Kisha akamwambia yule kaka, "Na wewe kaka, kama hukai, ondoka. Unanizibia mwanga."

Akaenda zake. Sengi akafuta mikono, akachukua karatasi na kuandika barua yake ya kujieleza palepale mezani. Aliniruhusu kuisoma. Barua ya meneja inataja matumizi ya mtandao, inataja kompyuta, inataja saa za kazi. Wazee waliokaa kwenye magogo haiwataji mahali popote. Barua ya Sengi inaanza nao. Sentensi yake ya kwanza inasema: "Niliwaambia wakulima mtandao hakuna, na mtandao ulikuwepo."

Niliisoma mara mbili. Nilitaka kumwambia hilo hawajamwuliza. Nikamrudishia karatasi yake.

Asubuhi hii niliomba ruhusa nije Nyashimo. Sengi akasema niende, nisikawie. Barabarani guku akanikuta na baiskeli yake.

"Panda," akasema.

Nikapanda nyuma. Ni rahisi zaidi kumwambia mtu kitu ukiwa nyuma ya mgongo wake. Nilimwambia yote, nikianzia kwenye daftari. Upepo ulikuwa unatupiga na ilibidi niseme kwa sauti, kwa hiyo niliyakiri makosa ya familia yangu kwa kupiga kelele, na mama mmoja mwenye ndoo kichwani akageuka kutuangalia.

Guku hakusimama. Alikanyaga tu. Tulipofika kwenye kilima akashuka kusukuma, nami nikashuka.

"Kwa hiyo ulikuwepo," akasema.

"Ulikuwepo, guku."

"Saa zile zote."

"Ndiyo, guku."

Tukapanda kilima. Nilisubiri anikaripie. Ningependa anikaripie. Juu ya kilima akanipandisha tena mpaka hapa mlangoni kwa steshenari.

Hapo ndipo akasema, "Jumatatu nakwenda Bariadi na Sengi wako."

Sijui anakwenda kumtetea au kumshtaki. Nilitaka kuuliza. Mtu niliyemnyima jibu wiki tatu, nitamdai jibu kwa haki gani?

Nilipofungua shajara hii, kwenye hesabu ya wasomaji nikaona kitu kingine. Huwa nina wasomaji wachache, na ninafurahi hata wakiwa wawili. Alhamisi kuna mtu alizifungua kurasa zangu zote thelathini na moja, moja baada ya nyingine, kuanzia saa nne asubuhi mpaka karibu saa saba mchana. Ile ya kumi na tatu, niliyoandika kuhusu mazishi ya mama na mvua iliyonyesha siku ile, imefunguliwa mara tatu. Na kwenye karatasi zilizokuja na barua, pembeni kabisa kwa maandishi madogo, imeandikwa saa zilipochapishwa: Alhamisi, saa saba kasoro dakika tano.

Meneja, nadhani ni wewe.

Sikulaumu. Pengine kusoma kwako kulikuwa kazi. Nataka tu ujue kwamba hakuna mtu mwingine aliyewahi kuzisoma zote, hata mwalimu wangu. Kama ulizisoma zote, basi unamjua Sengi. Unajua alivyoniosha miguu nilipotoka makaburini na matope. Ulilisoma hilo mara tatu.

Sikuombi useme hakukosea. Alikosea, na mimi ndiye niliyekuwa namwuliza kila jioni, "Umeiweka?" Sina cha kukupa na sina cha kufuta, maana ulishachapisha. Ningetaka kuwepo Jumatatu, lakini tuna mtihani wa Hisabati saa hiyohiyo, na Sengi amesema nikikosa mtihani kwa ajili yake atakuwa amefukuzwa mara mbili.

Dada wa steshenari ameniambia sasa hivi, "Zimebaki dakika tatu, mdogo wangu."

Kupitia dirishani namwona guku. Ameegemeza baiskeli kwa fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara na amekaa kwenye jiwe. Alisema nikimaliza nitamkuta pale. Ananisubiri tena, na mimi nipo tena kwenye mtandao.

Meneja, kesho nikitoka kanisani nitapita hapa kuangalia kama umenijibu, na jibu lako nitampelekea guku mimi mwenyewe. Sitaki kumwambia kwa mara nyingine kwamba sijui. Jumatatu atafika mlangoni kwako amevaa koti la kahawia, na atakuwa ameamka saa kumi alfajiri kuwahi basi. Je, utamwita ndani papo hapo, au utamwambia akae nje kwanza?