Sauti Yangu, Uso wa Gesare

Jumatatu, 3 Machi 2025

Sijapata. Sijapata! Naandika mara mbili ndio nijiamini.

Mchezo ni wa TV, unaitwa Upande wa Remba. Mama muuza omena, dagaa wa ziwani, kule kisiwani Remba, bwana yake anapotea ziwani, anabaki kupigana na mashemeji. Mimi nimezaliwa Remba. Nimeanika omena kabla nijue kusoma. Nikaingia kwa director, Mosoti, mtu wa Nairobi anavaa kofia hata ndani ya nyumba, nikasema laini zote bila karatasi. Watu wa kamera wakaweka simu chini. Nikajua—hii ni yangu.

Mosoti akauliza natoka wapi. Remba. Akacheka. Ati hapana, kwa ukweli. Nikasema tena, Remba. Akageukia mwenzake: huyu anaongea kama msoma habari, nani ataamini ameuza hata samaki moja?

Nani ataamini!

Wamepea Gesare. Gesare wa Migori town, Mkisii, baba yake ana duka ya vitabu. Hajawahi panda boti. Kwa foleni aliniuliza kama omena hukatwa vichwa kwanza.

Jumanne, 4 Machi

Bado nasikia Mosoti akicheka.

Hii Kiswahili wanasema ni safi sana, sikupewa na mtu. Shuleni kwetu mwalimu mwenyewe alisema "sule", na ziwa akaita "siwa". Nilijifunza na redio ya baba, miaka tatu, narudia nyuma ya msoma habari, kiganja mbele ya mdomo. Ukisema "s" upepo ni mwembamba na baridi. Ukisema "sh" unatoka mpana, wa joto. Shamba. Shida. Shukrani. Nikazidisha! Siku moja kwa mizani, mbele ya wanunuzi wote, nikasema "shamaki". Mmoja alicheka mpaka akakalia kreti. Mwezi mzima beach yote: Lynnet, leo shamaki ni ngapi?

Sikuacha. Nilijua kuna mahali nitafika, hapo hakuna mtu atanicheka.

Nimefika. Wamecheka kwa sababu ingine.

Hapa kwa daftari naandika vile mdomo unataka. Hakuna mtu anasoma.

Alhamisi, 6 Machi

Mosoti amepiga simu! Mwenyewe!

Ati Gesare anataka mtu wa kumfundisha "vile watu wa kwenu wanaongea". Yaani vibaya. Alikuwa na adabu hakusema hiyo neno, lakini ilikuwa imekaa hapo katikati yetu kama mgeni. Nikimfundisha poa, ananipa sehemu ya jirani. Jirani ana laini tatu, na jina langu litapanda mwisho wa kipindi na ya wengine.

Nilisema ndiyo kabla amalize.

Kisha nikapigia mama. Kosa. Mama ameambia beach. Saa kumi watu hawajanisalimia tangu form four wananitumia: hongera nyar Remba, binti yetu, tutakuona lini? Mwenye hoteli pale landing ameahidi siku hiyo atazima mpira aweke mimi. Wanaume ya Remba wazimiwe mpira! Sasa siwezi rudi nyuma.

Jumapili, 9 Machi

Somo la kwanza. Tulikaa kwa veranda ya hii nyumba wamekodi Homa Bay, nyuma ya soko. Gesare na kalamu nyekundu, mimi na aibu.

Akasema, dada, niambie "shida". Nikasema shida. Hapana, akasema, ile yenu.

Nikajaribu. Wueh! Ulimi umekataa. Ilitoka kitu ya kuchekesha watu harusini. Gesare mwenyewe, kwa upole: dada, pole, hiyo haikai ya ukweli.

Mimi! Haikai ya ukweli!

Basi nikafanya ile kitu. Nikapigia mama, nikaweka loudspeaker. Nikamwambia, mama, salimia rafiki yangu wa TV, hasikii Dholuo. Mama akafurahi mpaka sauti ikapanda. Akakusanya Kiswahili yake yote, moja moja, kama mtu anatoa vikombe ya wageni. Karibu sana mwanangu. Mkuje na Lynnet mtembee. Huku hakuna sida, siwa tu ndio imekasirika.

Gesare akaandika kila neno. Frankline, mwenye kurekodi sauti, alikuwa ameweka maiki yake mezani. Sikuona ile taa nyekundu.

Ama niliona.

Jumatano, 12 Machi

Leo tulikuwa pier. Gesare amefunga leso, ana beseni kichwani, na ni mzuri. Wacha niandike tu. Ni mzuri! Hakuangalia kamera hata mara moja. Kufika mahali shemeji anamuuliza habari ya kisiwani, skripti ilisema "salama". Yeye akasema: huku hakuna sida, siwa tu ndio imekasirika.

Kama mama kabisa. Hata ile kupumua katikati.

Crew ilianguka. Mosoti alipanguza macho na kofia. Na sasa imekuwa wimbo. Chai ikimwagika—hakuna sida, siwa tu! Jenereta ikizima—siwa tu! Dereva anarudi na gari nyuma—siwa tu, siwa tu, haya, simama!

Nilicheka na wao. Kwa sauti.

Mama amenitumia ujumbe: yule msichana ana heshima, mwambie nimemwekea samaki.

Jumatatu, 17 Machi

Laini zangu tatu. Nilikuwa nazo mpaka saa nne na nusu.

Mosoti alinisimamisha karibu na Gesare. Nikasema ya kwanza. Cut. Akanivuta kando, mkono kwa bega, hiyo ya daktari. Ati nikifungua mdomo, Gesare ndio anakaa anaigiza. Ati jirani hawezi ongea vizuri kuliko mwenye nyumba.

Nikamwambia naweza ongea kama Gesare. Nikasema "sida", hapo mbele ya watu. Kila mtu akaangalia viatu yake. Odhiambo, mlinzi wa geti, mtu wa kwetu, yeye alitoka kabisa akaenda kusimama nje.

Sasa jirani hana maneno. Jirani anaosha vyombo, mgongo kwa kamera. Asiye na maneno haandikwi jina. Nimeuliza. Ndio utaratibu.

Gesare aliniletea soda. Dada, sikutaka iwe hivi, nimewaambia. Najua amewaambia. Hiyo ndio mbaya! Angekuwa na roho chafu ningepumzika.

Alhamisi, 20 Machi

Sijui nianze wapi. Nafasi imekuja tena, na imekuja vibaya.

Ilikuwa siku ya kilio. Mwili wa bwana umeletwa ufuoni, mama anafika, analia nduru. Gesare akalia. Kilio ya kanisa, na kitambaa. Mara nane. Mara ya nane hata yule amelala chini akiwa maiti alikohoa, tukarudi mwanzo.

Nduru si kulia, Mosoti haelewi. Nduru ni kuita. Mwanamke akiitoa, mwingine anaacha sufuria kwa moto anakuja mbio, hata kama jana mlitukanana. Haiulizi ni boma ya nani. Mimi nimewahi itoa mara moja. Nilikuwa form two, siku walitoa baba kwa maji.

Nilikuwa nimemwambia Gesare hiyo. Kwa veranda, kama mtu na dada yake. Yeye ameambia Mosoti, akidhani ananisaidia.

Mosoti alikuja mbio na kofia mkononi. Uso wa Gesare, sauti yako! Jumamosi, Gesare akiwa kanisani—yeye ni Sabato, hiyo siku haguswi—tunarekodi wewe peke yako. Na jina lako halitakaa kwa orodha na wapishi. Peke yake kwa kioo ya TV. Aliniandikia kwa karatasi nione vile itakaa: SAUTI YA KILIO—LYNNET ACHIENG.

Nilikunja ile karatasi nikaweka kwa sidiria.

Jioni nikapigia mama. Nikamweleza yote. Kisha akaongea, na hakuongea Kiswahili. Unalilia nani? Kuna mtu amekufa? Sasa hiyo nduru yako ikishatoka itaenda kukaa kwa mlango ya nani?

Nikamwambia, mama, wataandika jina langu.

Akasema, nyathina, mtoto wangu, ile uliyolilia baba yako inatosha. Akakata. Mama hajawahi kunikatia simu.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa store. Ile ya nyuma, ya viti na magodoro. Mosoti amesema nikae hapa dakika mbili. Zimepita.

Wacha niandike haraka.

Tulikuwa watatu tu, Mosoti, Frankline na mimi, na Odhiambo kwa geti. Tukaanza kwa chumba. Nikalia. Frankline akatoa vile vitu ya masikio, akaangalia Mosoti, Mosoti akaniangalia. Ati, Lynnet, unalia kama msoma habari.

Nilitaka kumpiga na kiti.

Akasema tutoke kwa uwanja, huko sauti itapata mahali ya kwenda. Nikasimama karibu na tangi ya maji. Nikafikiria jina langu kwa kioo. Hakuna kitu ilitoka. Nikafikiria ile hoteli ya landing na mpira imezimwa. Hakuna. Nikafumba macho, na hapo—sikutaka—nikaona mguu wa baba. Mmoja ulikuwa na kiatu.

Ikatoka. Uwiii! Sikujua bado ninayo. Ilitoka mara mbili, ya tatu haikuniuliza. Kufungua macho, Frankline amegeukia ukuta na Mosoti ameinua kidole gumba.

Halafu geti.

Wa kwanza Mama Teresa, yule huuza uji hapo kona, kila asubuhi ananiongezea bila kuulizwa. Mwiko bado mkononi! Nyuma yake wamama wa soko, leso zimefungwa kiunoni, wengine miguu mitupu. Ng'a motho? Ni nani amekufa? Odhiambo akashindwa kujibu, na wao hawakungoja ajibu. Wakaanza. Mikono kichwani, wote.

Nilianza kwenda. Haki ya Mungu nilianza kwenda. Mosoti akanishika kiwiko. Ngoja! Usiwaambie bado. Sikia hiyo! Akaambia Frankline afiche maiki chini ya sweta na asimame kwa geti. Halafu mimi: ingia store, wakikuona watakuuliza.

Nikaingia. Miguu yangu hii hii.

Nawasikia. Mama Teresa ameanza kumwimbia maiti, peke yake, wengine wanaitikia. Anaimba polepole kwa sababu hana jina la kuweka. Mtoto wa nani wewe. Nani alikupikia. Mbona hukuaga. Kila mahali jina lingekaa anaacha nafasi, anapumua, anaendelea.

Mosoti amepita hapa nje ya mlango akiongea na simu, ana furaha, anajaribu kunong'ona. Ati amepata kitu hakuna msanii anaweza. Ati ile ya msichana hata hatutaihitaji.

Ya msichana. Ni mimi.

Kwa hivyo sasa sijui. Nikitoka niwaambie hakuna mtu amekufa, ni kwa sababu ya Mama Teresa, ama ni ndio maiki ya Frankline ipate makelele na matusi, wabaki na nduru yangu? Nimejiuliza mara tatu. Mara tatu jibu ni yote mawili. Na nikikaa, nimekaa kwa sababu gani? Hakuna mtu amefunga huu mlango. Komeo iko upande wangu.

Kuimba kumesimama. Mama Teresa anaongea. Ameachana na Dholuo, anatumia Kiswahili ndio hawa wageni wasikie: jamani, hatuna ubaya, mtuambie tu tunalilia nani.

Hakuna mtu anamjibu.

Anauliza tena. Amesema, kuna msichana wetu huwa hapa, Lynnet, nyar Remba—mwiteni yeye atuambie—yuko wapi—

Amenyamaza.

Mwingine anasema, mbona hatumwoni?

Yawa. Wamefikiri ni—

Sasa wanalia na jina langu. Wote. Wameliweka kila mahali lilikuwa halina kitu, na Mosoti anasema, kwa sauti ya chini, safi, safi, endelea hivyo. Naandika na mkono mmoja. Huu mwingine uko kwa komeo na