Goti la Maulidi

Hell-Ville, Jumapili. Mvua inanyesha tangu alfajiri, sijatoka nje.

Asubuhi nimepata ujumbe wa binti wa Maulidi. Baba yao amefariki. Wamemzika jana kijijini kwao Boanamary, karibu na Mahajanga.

Shajara, hili nilikuwa sijamwambia mtu mpaka leo.

Mwishoni mwa miaka ya sabini, baada ya zile ghasia za mji wa Mahajanga tulipouawa na kufukuzwa sisi Wangazija, watu wa Komoro, timu yake ya huko ilimwacha Maulidi. Alikuwa beki wa kati, mtulivu, hapitiki. Akapanda boti bandarini Antsahampano, akaja huku kisiwani Nosy Be kutafuta timu.

Viongozi wetu hawakusajili mtu bila kutusikiliza mashabiki. Tukakutana kijijini Marodoka, kibarazani kwa mwenyekiti wa timu. Maulidi mwenyewe alikaa pembeni, akingoja. Wengine walimtaka: "Tunafungwa mabao ya aibu kila wiki. Beki kama huyu tutampata wapi?" Wengine wakashuku: "Mchezaji mzima haachwi bure."

Mwenyekiti akanigeukia. "Wewe umeishi Mahajanga. Kwa nini wamemwacha?"

Nilijua. Waliogopa kuwa na Mngazija uwanjani, basi. Lakini mimi hapa kisiwani nilikuwa nimejipa jina la Kimalagasi, na hakuna aliyejua asili yangu. Nikimtetea, macho yangenigeukia mimi.

"Goti," nikasema. "Goti lake limekwisha."

Wakamkataa.

Maulidi alinijua vizuri. Tulisoma chuo kimoja cha Kurani tukiwa watoto. Angeweza kuniita kwa jina langu la kweli mbele ya wote. Alinitazama tu, akainuka.

Alasiri ile msikitini alisali kando yangu, kulia. Alipokaa tahiyatu, goti lilikunjika bila taabu yoyote. Tulipomaliza akaninong'oneza: "Usiogope, mwananya." Ndugu, kwa lugha ya nyumbani.

Afadhali angenitukana.

Miaka miwili baadaye kazi ilinifikisha Boanamary. Nikamwona anacheza mpira peku na wenzake kwenye tope la mto, maji yamekupwa. Aliteleza, akaanguka, akaruka juu akicheka. Nilisimama mbali mpaka wakamaliza, nikaondoka bila kumsalimu.

Tangu hapo, kila ninaposali, nahisi mtu amekaa kuliani kwangu. Sigeuki haraka kutoa salamu. Naogopa.

Mchana huu binti ameandika tena, kwa Kifaransa: "Baba alisema wewe ni ndugu yake. Watu wanasema mpira ulimshinda kwa sababu ya goti. Ni kweli? Sisi hatukumwona hata siku moja akichechemea."

Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena. Mwisho nimemwambia yote: goti lilikuwa zima, mwoga ni mimi.

Ameusoma ujumbe. 

Ajibu asijibu, kesho navuka kwenda kwao Boanamary. Wakinifungulia mlango, nitayasema tena kwa mdomo wangu, mbele ya watoto wake wote.