Nilivyomdokezea Mwalimu Mkuu

Jumanne, Kamwokya

Leo nimerudi nyumbani na furaha.

Asubuhi Mama Akinyi, mwenye duka letu la kushona, alinionya tena: "Binti, msichana asiyeongea na wateja hanifai." Nikajua kazi inaniponyoka.

Mchana akaja mwalimu mkuu wa shule moja ya Mbuya, mama wa Kiingereza kitupu. Alitaka sketi nyeupe za watoto wadogo. Nyeupe, kwenye udongo wetu huu mwekundu! Mama Akinyi aliitikia tu, asije akapoteza oda.

Mimi nilikuwa nimempigia magoti kumsalimu, kama desturi yetu kwa wakubwa. Ningewezaje kumwambia amekosea? Nikakumbuka maneno ya Kiingereza tuliyofundishwa shuleni, ya kudokeza bila kumkosoa mtu. Nikaanza na *perhaps*, nikaongeza *I wonder*: labda tungefikiria rangi ya damu ya mzee, sijui kama vumbi...

Sikumaliza. Alitazama viatu vyake vilivyojaa vumbi jekundu, akacheka. "Una akili, mtoto. Nishonee za rangi hiyo."

Mwalimu alipotoka, Mama Akinyi alinipiga begani. "Kumbe una mdomo, wee! Kuanzia kesho wateja ni wako."

Naogopa. Lakini nilijibu ndiyo, tena kwa sauti.