Namba Niliyoitaja Mbele ya Wakwe

Nyumba Na. 14,
Mtaa wa Mbotela,
Nairobi.
Jumapili, 2 Machi 2025

Mpendwa ndugu yangu Mulongo,

Hujambo huko Aberdeen? Yale mafua yameisha? Na yule bibi unayemtunza, bado anakataa dawa mpaka umwimbie? Sisi huku tu wazima. Shemeji yako Nyongesa anaendelea na kiwanda chake. Mguu wangu wa kushoto ni mzito asubuhi, lakini mkono umepata nguvu, nami wiki hii nimeshona sare kumi na mbili za shule bila kumwita mtu anitungie uzi.

Habari kubwa ni njema. Jana wakwe walikuja, na Mitchelle wetu amechumbiwa. Kijana anaitwa Kyule, karani wa ghala, mpole, anacheka polepole kama anayepima. Baba yake ni mzee Maingi, mchonga vinyago mwenye karakana karibu na soko la Gikomba. Mama yake ni Kaluki, na huyo ndiye nitakayekusimulia.

Kabla hawajaja, Wekulo, kaka yake Nyongesa aliyekuwa msemaji wetu, alinijia na ushauri. Alitaka nikae chumbani, naye awaambie wageni nimeteguka mguu. Aliogopa wakisikia nina multiple sclerosis, ugonjwa wa neva, watasema nyumba yetu ina ugonjwa wa ukoo, wageuze njia. Nyongesa aliinama. Mimi nilikuwa karibu kukubali. Mitchelle ndiye aliyekataa.

"Mathe, mimi siwezi anza ndoa na uongo," alisema. "Wakitaka kwenda, waende wakijua."

Kwa kweli mtoto alikuwa na sababu ya kujiamini. Wiki mbili nyuma tulikwenda naye Eastleigh kwa Daktari Luul, yule anayenitibu, kumuuliza waziwazi kama nimemrithisha. Daktari alituambia ugonjwa huu haurithiwi kama pua au kimo. Hakuna jeni moja inayouleta. Kuna tofauti ndogondogo zaidi ya mia mbili katika jeni za watu, kila moja inasogeza hatari kidogo tu. Ipo moja yenye nguvu kuliko nyingine, lakini wengi walio nayo huzeeka bila kuugua. Mtoto wa mgonjwa kama mimi, katika mia huugua wawili au watatu. Mitchelle alishusha pumzi hata pazia likatikisika.

Basi jana, baada ya chai, nilitoka na fimbo yangu nikaketi mbele yao. Kaluki akaitazama fimbo, akauliza kwa adabu, "Mama Mitchelle, tuambie. Hiki ni kitu cha ukoo?"

Wekulo alianza kukohoa. Nikamtangulia. Niliwaeleza kinga ya mwili wangu inavyoshambulia utando wa mishipa ya fahamu, nikawapa hesabu ya daktari. Nikaona hawajashawishika. Ndipo nikachukua picha yako ya ukutani, ile ya koti jekundu, nikampa Kaluki.

"Huyu ni pacha wangu," nikasema. "Tulitoka yai moja, jeni zetu ni zilezile. Yeye yuko kwenye baridi ambako ugonjwa huu ni mwingi, mimi niko kwenye jua la Nairobi. Niliyeugua ni mimi. Tuna miaka arobaini na saba na yeye hata ganzi ya kidole hajui. Daktari anasema pacha kama yeye huugua mmoja tu kati ya wanne."

Nilidhani nimeshinda kesi. Kaluki aliitazama picha, kisha akauliza, "Na yeye anaijua hiyo namba?"

Mulongo, Desemba uliniuliza kwenye simu, "Na mimi je?" Nami nikageuza maneno nikaanza habari za bei ya unga. Siku ile nilikuwa sijui. Lakini tangu nitoke kwa Daktari Luul nimejua, na wiki mbili nzima nimekupigia, nimecheka nawe, nikanyamaza. Halafu nikaitaja namba yako mbele ya wageni sita ambao hawajawahi kukuona. Nisamehe. Nililia pale pale, na Kaluki akaondoka kwenye kiti chake akaja kuketi kando yangu.

"Mwandikie," akanong'ona. "Sisi tunaweza kungoja."

Sasa nakuandikia yote. Mmoja kati ya wanne, maana yake watatu hawaugui. Tena daktari anasema wengi hushikwa kati ya miaka ishirini na arobaini, kwa hiyo sehemu kubwa ya hatari hiyo umeshaipita. Ila ukipata ganzi isiyoondoka kwa siku nzima, au jicho likififia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usifanye kama mimi niliyengoja miaka miwili nikijipaka marhamu ya misuli.

Mzee Maingi ndiye aliyetuondolea majonzi. Alisema magogo mawili ya mti mmoja, moja hupata ufa na lingine hapana, na yeye aliyechonga miaka arobaini hajawahi kujua ni kwa nini. Kisha akakiri kwamba kwao kuna kisukari, kuanzia babu yake hadi yeye mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza. Mkewe akamnyang'anya kikombe, kwa maana kilikuwa na vijiko vitatu vya sukari. Tulicheka sana, hata Wekulo aliyekuwa bado anatoka jasho.

Arusi itakuwa Agosti, tarehe tisa. Omba ruhusa mapema kazini. Kitambaa chako nimeshakinunua, nitumie vipimo, maana siamini tena kwamba viuno vyetu vimebaki sawa.

Nyongesa anakusalimu, na Mitchelle, na Wekulo pia. Kaluki anakusalimu kipekee; amesema siku ya arusi atakuketisha kando yake. Mungu akulinde barabarani na kwenye barafu.

Usiku ukikuzidi kwa mawazo, nipigie saa yoyote. Swali lako sitaligeuza tena.

Ni mimi, akupendaye tangu hatujazaliwa,

Mukhwana