Kilele cha Tumpeng

Kembangan, wiki ya pili baada ya Idi ya Lebaran

Kwa kaka yangu, Mas Hartoyo,

Assalamu alaikum, Mas. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha vumbi la mbolea huko ugenini Sabah kimekuacha upumue. Sisi hatujambo kiasi. Mama yetu, Ibu, bado anamgombeza muuza tofu kila asubuhi kwamba vipande vyake vinazidi kuwa vyembamba, basi ujue ana afya. Shemeji yako anakusalimu sana. Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Nimekupigia mara tatu, Mas, na mara zote nimekata kabla hujapokea. Kwa simu ningeishia kukupa habari za mvua.

Habari ya kwanza unayo: timu yetu, Persekem, imeshuka daraja. Tuliisubiri ligi kuu miaka ishirini na sita, tukakaa humo msimu mmoja, tukashuka zikiwa zimebaki mechi tano. Kocha nilikuwa mimi, kwa hiyo kila ninapopita nasikia yangu. Juzi yule mama wa supu ya soto aliniuliza kama anitilie nyama au nimeshazoea kuambulia patupu. Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao, nikala, nikalipa, nikaondoka bila kujua nimekula nini.

Nataka uelewe tulivyofika hapa. Tulipopanda, Pak Sukirman ndiye alikuwa kocha, mimi msaidizi wake. Alimwendea mwenyekiti na kumshauri tusajili watu watatu tu: kipa, kiungo mkabaji na mfungaji. Ukuta usiguswe, kwa sababu vijana wale wanne wamecheza pamoja tangu wadogo. Pesa inayobaki iajiri daktari wa timu, itengeneze na uwanja unaojaa maji kila Januari. Alisema timu iliyopanda husajili kwa ajili ya Februari, miguu ikishachoka, si kwa ajili ya picha za siku ya kwanza. Haji Baskoro, mwenyekiti wetu, alimsikiliza kwa heshima zote, akamwagizia kahawa nyingine, kisha akasajili watu kumi na wanne.

Mashabiki walitaka majina makubwa, naye anautaka uongozi wa wilaya. Kubwa kuliko yote lilikuwa la Gilvan, beki wa kati kutoka Brazili, mrefu hadi akawa anainama mlangoni kwa kila mtu. Ili yeye aingie, beki wa kati mmoja ilibidi atemwe, na aliyetemwa ni mwanao Pras.

Barua ya kumwacha ilikuwa na sahihi ya Pak Sukirman. Wiki moja baadaye alijiuzulu nami nikapewa timu. Ule ujumbe wa sauti uliomtumia, ukimwita mnafiki aliyemtupa mtoto wa rafiki yake, nimeusikia. Alinisikilizisha mwenyewe barazani kwake, mpaka mwisho. Nilidhani atanigeuzia maneno. Alisema tu kwamba baba wa mtoto ana haki ya kukasirika, akaniuliza Ibu anaendeleaje.

Katika mechi ya nne Gilvan alianguka peke yake, hakuna aliyemgusa. Goti liliachia na hakucheza tena. Baada ya hapo ukuta ukawa unapitika tu. Siku tuliyofungwa sita, jukwaa zima liliimba, "Wignyo, muite Pras! Wignyo, huna macho?" Kumuita singeweza, dirisha la usajili lilikuwa limefungwa hadi Januari.

Naye Pras hakukaa bure akingoja Januari. Alicheza mechi za mchangani, kijiji kwa kijiji, kwenye mashamba ya mpunga yaliyokwisha kuvunwa, kwa bahasha ndogo ya kumtunza mama yake. Huko ndiko alikopigwa teke la nyuma. Wakampakia kwenye pikapu na kumpeleka kwa mganga wa kuunga mifupa, naye akaufunga mguu ukiwa umepinda. Tulikuambia mguu unapona. Haujapona, Mas. Daktari wa mkoa amesema atatembea, lakini mpira basi.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Kabla ya usajili nilitumwa Surabaya kumtazama Gilvan akijifua. Siku ya pili niliwahi, nikamkuta nyuma ya vyumba vya kuvalia, mguu ndani ya ndoo ya barafu, goti limevimba kama fenesi changa. Alinikonyeza, akaweka kidole mdomoni. Jioni hiyo hiyo nilimwambia Pak Sukirman. Alifurahi. Akasema mwenyekiti ataniuliza mbele ya watu, niseme nilichokiona, Pras atabaki.

Kwenye selamatan, karamu ya dua ya kupanda daraja, ulikuwepo umati, na wageni kutoka Jakarta mbele. Haji Baskoro alikata kilele cha tumpeng, ule mlima wa wali wa manjano, bado unatoa moshi. Kilele hupewa anayeheshimiwa kuliko wote, na sote tulijua kinakwenda kwa Pak Sukirman. Akanipa mimi. Nikiwa nimeshika sahani kwa mikono miwili, akaniuliza, kila mtu akisikia, "Eti Wignyo, wewe umemwona. Gilvan yuko fiti? Tumwachie Pras aende zake?" Pak Sukirman alikuwa ananitazama. Nikasema inggih.

Unaijua inggih yetu, ile ndiyo ya heshima, mtu huitoa hata moyo ukikataa, mradi mkubwa asiaibike. Nimejiambia mwaka mzima kwamba ilikuwa adabu. Ni uongo. Siku mbili kabla, mwenyekiti alinivuta pembeni akaniuliza kama niko tayari kuishika timu endapo Pak Sukirman atachoka. Hiyo nayo niliijibu inggih, na hiyo niliitoa moyoni.

Asubuhi ya Lebaran, wadogo wanapowapigia wakubwa magoti kuwaomba radhi, Pras alianza kwa Ibu, kisha akaja kwangu kwa sababu wewe hukuwepo. Aliegemeza gongo lake ukutani. Mguu haukunjiki, kwa hiyo aliunyoosha pembeni akajishusha polepole, jasho likimtoka, nami sikumzuia. Akaweka paji la uso kwenye goti langu. Akasema, "Baba mdogo, nisamehe. Najua ulinipigania. Mimi ndiye sikutosha."

Nikamwekea mkono kichwani, Mas. Nikamwambia nimemsamehe.

Bado sijamwambia kitu. Ukimaliza kusoma, mpigie kwanza Pak Sukirman, halafu Pras. Mimi usinipigie mpaka utakapotaka mwenyewe. Ibu anauliza kama unakula mboga za majani, na anasema blanketi ulilotuma ni zito mno kwa joto la huku, ila anajifunika hivyo hivyo.

Ni mimi mdogo wako,
Wignyo